Salamu Tatu za Seon-mi

Haya yalimpata Bo-ra, rafiki yangu wa Daegu. Akiyasimulia hanitazami usoni. Alishuka duka la chini ya ghorofa kununua mwani wa supu, akamkuta mama yake Seon-mi, rafiki wa Bo-ra tangu shule, siku hizi wa kuandikiana simuni tu.

"Mama, mwambie Seon-mi aache maringo! Mwaka wa tatu huu hafungui salamu zangu za siku yake ya kuzaliwa."

"Mwanangu, huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike. Na simu yake tulimzika nayo."

Bo-ra alitamani ardhi ipasuke immeze. Mara taa zikazimika, mafriji yakanyamaza. Gizani akawasha simu. Kando ya salamu zake, ile tarakimu 1 inayokaa mpaka ujumbe usomwe ikafutika kwenye ya kwanza, kisha ya pili. Ya tatu ilikawia kidogo, nayo ikafutika, kando ya maneno yake ya mwaka huu: "Haya, ringa, shoga! Ukifa siji kukuzika, ng'o."