Saa Mbili ya Upande wa Pili

— Warren, uko wapi? Saa mbili na nusu hii!

Simu ikakatika. Dakika moja baadaye ujumbe ukaingia: "Natoka kazini, naendesha. Tulia, bado mapema."

— Mapema! Narelle aliiambia friji, maana nyumbani hakukuwa na mwingine wa kumsikiliza.

Miaka arobaini na minne, huyo Narelle. Tumbo lake lilikuwa limechomwa sindano za kupevusha mayai mpaka mumewe Warren akatania kwamba akinywa chai itavujia sakafuni. Mara nne alipandikizwa kiinitete, mara nne damu ikaja. Baada ya ile ya nne Warren akabeba begi, akahamia kwa dada yake Coolangatta, ng'ambo ya mpaka wa jimbo la Queensland, mitaa mitatu tu kutoka kwao Tweed Heads. Ila aliahidi jambo moja: raundi hii ya mwisho, sindano ya kukomaza mayai atamchoma yeye. Nesi alisema saa mbili kamili usiku, ili kesho kutwa asubuhi yatolewe. Ukikosea saa, yamepotea.

Saa tatu kasoro dakika kumi pikapu ikasimama nje. Warren alipofungua mlango, ndara ikampata kifuani.

— Saa nzima, Warren! Si ungesema tu hutaki mtoto na mimi!

— Saa nzima ya nini, mama? Ona simu yangu. Saa mbili kasoro kumi.

— Hizo ni saa za kule kwa dada yako!

— Na kliniki iko wapi?

Narelle akaokota ndara yake. Kliniki ilikuwa huko huko Queensland, ambako, tofauti na huku, kiangazi hawasogezi saa mbele kwa saa moja. Miaka kumi na tisa anaishi mpakani, kila mwaka mpya anausherehekea mara mbili, leo uchovu umemsahaulisha.

— Umeshajichoma? Warren akauliza.

— Nilijaribu mara tatu. Mkono ukagoma. Nimeirudisha kwenye friji, pale kando ya bitiruti.

Warren akakaa chini, sakafuni kabisa.

— Lete huo mkono mwoga niubusu.

— Usinichekeshe. Uliniacha kwa sababu mayai yangu yamezeeka.

— Ulikuwa unafungulia bomba bafuni ili nisikusikie ukilia. Kila siku nilisimama mlangoni, Narelle. Nikachoka kusimama.

— Si ungebisha hodi, mjinga wewe?

— Kweli, nilipaswa kubisha.

Wakasubiri. Ilipotimia saa mbili ya kule, Warren akamchoma, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

— Na hii ikishindikana? Narelle akauliza, akishusha fulana.

— Tutabaki wachovu wawili. Kwani si tumeshazoea?

Akaokota funguo zake mezani.

— Niwahi. Dada anafunga mlango saa tatu.

— Saa tatu ya kule au ya huku?

— Yoyote utakayosema wewe.

— Ya huku imeshapita. Umechelewa, Warren. Kalete begi lako kesho.

— Liko kwenye pikapu, akasema, akiangalia pembeni. Liko humo tangu Jumapili.