Mlango wa Mama Raho

Kila alfajiri Saynab huwa wa kwanza kuamka katika nyumba yao ya Waberi, mjini Garissa. Huwasha jiko, hubandika chai ya maziwa, kisha hukoroga unga wa mikate ya anjera uliolala tangu jana. Mwezi huo alikuwa na mgeni wa heshima. Mgeni huyo alikuwa Mama Raho, mama mzazi wa mumewe Noordin.

Saynab alikwenda kumwamsha kwa swala. Akamkuta tayari amesimama kwenye mkeka anaswali. Lakini mgongo wake ndio uliotazama kibla!

Saynab alishika fremu ya mlango. Mama Raho? Mwanamke aliyefundisha nusu ya watoto wa kijijini kwao Buna kuswali?

Alisubiri mpaka mama akatoa salamu. "Hooyo," alimwita, kama Wasomali wanavyomwita mama, "kibla ni upande wa kabati."

Mama Raho akatazama kabati, kisha dirisha. "Hii ni nyumba ya nani?"

"Ya Noordin, hooyo. Uko Garissa."

"Nilidhani niko kwa binti yangu Idman." Mama akakaa chini polepole. Akamshika Saynab mkono. "Usimwambie mtu. Wakijua akili imenitoka, hakuna atakayenisikiliza tena."

Saynab aliahidi. Lakini hakujua kama ahadi hiyo itamsaidia mama au itamwangamiza. Siku nzima alitia chumvi kwenye chai na sukari kwenye mchuzi.

Mama Raho alikuwa mfugaji. Ukame ulimaliza ng'ombe wake, na muda mfupi baadaye mumewe akafariki. Watoto wake watatu hawakukubali abaki Buna peke yake. Kila mmoja alitaka kumtunza, maana nani hataki radhi za mama? Noordin alimtaka Garissa. Idman alimtaka Wajir. Barre, kitinda mimba, alimtaka Banissa. Walivutana sana. Mwishowe wakakubaliana kugawana. Kila mwezi mpya ukiandama, mama anapanda basi kwenda kwa mtoto mwingine. Wote wakaridhika. Mama mwenyewe hakuulizwa, na hakuna aliyeona ajabu. Watu wema wakikosea kwa upendo, kosa lao huwa gumu kuonekana.

Siku chache baadaye Mama Raho alitoweka. Saynab alimtafuta uani, chooni, barabarani. Akamkuta sebuleni kwa jirani, amekaa kwenye zulia, anamwuliza mwenye nyumba kwa nini amebadilisha mapazia.

Sasa siri ilikuwa imefichuka. Simu zikaanza kulia.

"Mmemfanya nini mama yangu?" Idman alifoka kutoka Wajir. "Kwangu alikuwa mzima!"

"Huyo ana jini," alisema Barre. "Mleteni Banissa asomewe Kurani. Zamu yangu inakaribia hata hivyo."

Noordin alikata simu akajishika kichwa. "Saynab, mimi sielewi. Jana alinisimulia habari za babu yangu, neno kwa neno. Leo hajui yuko nyumba gani. Ni uzee? Ni jini? Ni nini?"

"Hata mimi sielewi," alisema Saynab. Akalia, kwa kuwa alimpenda yule mama na alikuwa anamwona anapotea mbele ya macho yake.

Ndipo alipomwita Muslimo, mhudumu wa afya wa mtaa wao. Muslimo alisalimia, akakaa, akakubali chai.

"Hali hii imeanza lini?" aliuliza.

"Wiki hii imezidi," alisema Saynab. "Barre anasema ni jini, asomewe."

"Anakula? Analala? Anakunywa maji?"

Mume na mke wakatazamana. Maji? Nani alikuwa anaangalia maji?

"Kusoma Kurani ni kheri, msomeeni," alisema Muslimo. "Lakini mzee akichanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitali kwanza. Msiseme ni uzee tu. Mara nyingi kuna ugonjwa unaotibika."

Walikwenda siku hiyohiyo, Muslimo akiwasindikiza. Daktari alikuwa kijana mgeni katika mji huo, mpole, asiyejua Kisomali.

"Mama, leo ni tarehe ngapi?"

"Tarehe mimi sijui," alijibu Mama Raho kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Rajab imebaki kidogo tu. Halafu inakuja Shaaban."

Daktari akamtazama Muslimo. "Amepatia," alisema Muslimo huku akicheka.

"Vizuri. Na hapa tuko mji gani?"

Mama Raho alitazama dirishani. "Wajir?"

Noordin aligeuza uso.

"Unakunywa maji, mama?"

"Kidogo. Nikikunywa mingi nataka choo. Choo iko mbali, na njia yake mimi nasahau. Naona haya kuuliza kila saa."

Daktari alimpima. Akaeleza kwamba mwili wa mama umekauka, na tena ana maambukizi ya njia ya mkojo. "Kwa mzee, hayo mawili yanatosha kuvuruga akili," alisema. Akampa dawa na maji ya kupitia mshipa.

Alhamdulillahi, dawa ilifanya kazi. Baada ya siku chache Mama Raho alijua yuko Garissa. Aliomba nyama, akalalamika kuwa ina chumvi kidogo. Nyumba nzima ilifurahi.

Alfajiri iliyofuata Saynab akamkuta anaswali, ameipa kibla mgongo.

Alimkimbilia Muslimo bila hata kuvaa viatu. "Dada, tumerudi kulekule! Dawa imeshindwa?"

"Mmemwuliza mwenyewe?"

"Kuuliza nini?"

"Kwa nini anaelekea huko."

Walikuwa wamemwuliza daktari, jirani, Idman na Barre. Mama mwenyewe walikuwa wamemwambia tu.

Wakarudi pamoja. Muslimo alikaa chini karibu na Mama Raho. "Hooyo, mtu hakosei mambo yake bila sababu. Tueleze."

Mama Raho alikunja mkeka wake. Kisha akasema, "Mimi nimejenga nyumba yangu ya akal tangu nilipoolewa. Fito, mikeka, kamba, yote kwa mikono hii. Tukihama, ngamia anabeba, tukifika najenga tena. Kila mahali mlango niliuelekeza jua linakozama. Nikiamka gizani sitafuti kibla. Mlango uko mbele, kibla iko mkono wa kulia. Mwili unajua kabla ya kichwa."

Saynab akageuka kutazama mlango wa chumba. Ulitazama jua linakochomoza.

"Hapa mlango uko kinyume," aliendelea mama. "Kwa Idman uko ubavuni. Kwa Barre iko milango miwili. Nikianza kuzoea, mwezi unaandama, napakiwa kwenye basi. Nimehama maisha yangu yote, binti yangu, na sikupotea hata siku moja. Lakini nilihama na nyumba yangu."

Noordin, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kikoi.

"Mzee aliyefiwa kisha akahama amepoteza mengi kwa pamoja," alisema Muslimo. "Asihamishwehamishwe. Akae mahali pamoja, awe na vitu vyake, njia ya choo iwe wazi na taa iwepo. Na mambo yake aamue mwenyewe."

Jioni Noordin aliwapigia ndugu zake, akaiweka simu mbele ya mama, sauti ikiwa wazi. Akawaeleza yote.

"Sawa, atulie," alisema Barre. "Atulie huku Banissa."

"Banissa kuna nini?" Idman alidakia. "Mimi ndiye binti!"

"Na sisi wengine radhi tutazipata wapi?"

Wakaanza kupayuka. Mama Raho akakohoa. Simu ikanyamaza Wajir, ikanyamaza Banissa.

"Nitakaa hapa," alisema. "Saynab ameniona nikiwa nimepotea, na bado akanisikiliza. Radhi zangu hazipandi basi tena. Anayezitaka azifuate."

Noordin aliagiza fito na mikeka kutoka Buna, akal ijengwe uani. Ujenzi wa akal ni kazi ya wanawake, na Noordin hakujua hata fito ipi inaanza. Aliinama hapa, akashika pale. "Waryaa, toka hapo, unavunja nyumba yangu!" mama alimfokea. Alikaa kwenye kiti katikati ya ua akiwaamrisha Saynab na Muslimo. Mlango ukaelekezwa jua linakozama. Kando ya kitanda likawekwa jagi la maji. Kutoka mlangoni hadi chooni Noordin alifunga kamba ya kushika, na taa ya sola. Sasa mama hunywa maji bila kuhesabu hatua.

Mwezi ulipoandama, badala ya mama kupanda basi, alipanda Idman. Alifika amenuna kidogo, tayari kukagua kila kitu. Alilala ndani ya akal pamoja na mama yake. Tangu utotoni hakuwa amelala kwenye nyumba ya aina hiyo.

Alfajiri Saynab alikuwa anapuliza jiko aliposikia sauti ya Idman ndani ya giza, yenye usingizi na wasiwasi.

"Hooyo! Hooyo, nimechanganyikiwa. Kibla iko wapi?"

"Utazame mlango," ilijibu sauti ya Mama Raho, tulivu kabisa. "Mkono wako wa kulia, mwanangu. Simama hapa karibu nami."