Sauti Iliyomwaibisha Mwanangu Ilikuwa Yangu

Nina miaka arobaini na mbili. Ni fundi cherehani Ngarenaro, hapa Arusha, na nyumbani kwangu ni Moshono. Mume wangu alifariki binti yetu Eliaika akiwa darasa la tatu, na tangu hapo tumekuwa wawili tu, mimi na Aika wangu. Wasomaji wenzangu, haya ninayoyaandika yananichoma, lakini niliyafanya mwenyewe. Sina wa kumsingizia.

Mwaka jana Aika alikuwa na miaka kumi na tano, kidato cha tatu, hesabu zinamtoa jasho. Nikamtafutia mwalimu wa tuisheni, kijana aliyepanga chumba Sekei. Mpole huyo! "Shikamoo mama," huku ameinamisha kichwa. Nilimsifia kwa kila mteja aliyekuja kupima nguo.

Jumamosi moja mchana Aika alirudi mapema, sweta kalifunga kiunoni. Akakaa sakafuni jikoni, pale anapokaaga akiwa na jambo la kuniambia.

"Mama, yule mwalimu kanifungia mlango. Kanilazimisha."

Mnajua nilimjibu nini? "Kwani ulivaa nini?"

Sketi aliyovaa niliishona mimi! Pindo nilipima mwenyewe, chini ya magoti. Lakini ndilo swali lililonitoka... Nikamwambia ukimwendea mwanaume chumbani unategemea nini, kana kwamba si mimi niliyemtuma huko.

Nikamvua ile sketi na nguo zote, nikaziloweka kwenye beseni la sabuni, nikamwambia aoge na anyamaze. Nilifikicha mpaka vidole vikachubuka. Nilidhani nafua aibu, kumbe nilikuwa nafuta ushahidi.

Yeye nilimwambia anyamaze. Mimi je, nilinyamaza?

Aika alikuwa anajiandaa kwa kipaimara, na sisi wazazi wa darasa lao tulikuwa na kundi la WhatsApp. Kwetu mama akielemewa hutuma ombi la sala, wenzake wanamwombea. Nikabonyeza pale pa kurekodi, nikalia: "Wapendwa, niombeeni. Aika wangu ameanguka dhambini na mwanaume..." Zikaja amina nyingi, na mikono ya kuomba. Nikajisikia nafuu! Mungu anisamehe, nilijisikia nafuu kweli.

Sikuishia hapo. Usharikani kwetu aliyeanguka husimama mbele ya watu akatubu, ndipo anarudi kundini. Nikamwendea mzee wa kanisa kwa miguu yangu, nikamwomba Aika asimamishwe ili asikose kipaimara. Jumapili akasimama mbele, kichwa chini. Alipoulizwa kama anatubu, alinitazama mimi. Nikampa ishara kwa kichwa kwamba aitikie.

Akaitikia.

Kuna mtu alirekodi kwa simu. Kufika Jumanne ile video ilikuwa mtandaoni, mwanangu amesimama mbele ya madhabahu, na juu yake imewekwa ile sauti yangu ya kwenye kundi, ninavyolia. Wakamtukana watu asiowajua. Wakamwita malaya, wakamtumia picha chafu, wakamuuliza bei! Mmoja alijaribu kumtetea, akajibiwa, "Msikilize mama yake, kasema mwenyewe." Shuleni wakawa wanaiga kilio changu kila akipita. Mtoto akaacha kwenda shule. Kipaimara nilichokihangaikia hakukipata, maana hakukanyaga tena kanisani.

Na bado sikuwa nimemwamini!

Miezi miwili baadaye alinipigia mama mmoja wa Sekei. Binti yake naye alikuwa anasoma kwa mwalimu yule, na mlango ulifungwa vilevile. Mtoto wa mwenzangu nilimwamini kabla hata simu haijakatika. Wangu, niliyemzaa, alihitaji shahidi. Nifanye nini na jambo hili moyoni mwangu?

Tulikwenda polisi, dawati la jinsia, hospitali tukapelekwa pia. Askari wa kike akaniuliza kwa upole nguo za siku ile ziko wapi. Nikatazama mikono yangu. Mwalimu alikuwa ameshahama chumba, na mpaka leo anatafutwa.

Nikatuma sauti nyingine kwenye kundi lile lile, nikasema mwanangu hakuanguka, alitendewa ukatili, na mimi nilimkosea. Ile ya kwanza ilizunguka Arusha nzima kwa siku mbili. Hii ya pili haikutoka nje ya kundi.

Aika nimemhamisha shule. Kazi za nyumbani anafanya, shikamoo ananipa. Lakini hajakaa tena sakafuni jikoni kunieleza jambo... na hilo ndilo ninalolilia.

Wazazi wenzangu, nawasihi! Mtoto akikuambia, mwamini kwanza. Usimuulize nguo, na usizifue. Usimwogeshe. Mpeleke hospitali na polisi siku ileile. Na simu iache mezani, hata kama unataka kuombewa. Nanyi mnaopenda kusambaza, mjue nyuma ya ile video kuna mtoto anayeogopa kuwasha simu yake.

Kabla ya kuituma barua hii nilimpelekea Aika chumbani, nikamwambia akikataa naichana. Aliisoma yote. Nikaanza kusema niko tayari kuichana, hata sasa hivi.

"Itume," akasema. "Safari hii umeniuliza."