Mkanda wa Breki

Jua lilikuwa linazama, na fundi alikuwa anafuta bisibisi zake ili afunge karakana, aliposikia mngurumo barabarani. Alitega sikio. Ulikuwa msumeno wa mashine, ule wa kukatia magogo. Mtu mwenye akili zake hatembei na msumeno unaowaka. Huyu alikuwa anatembea nao, na alikuwa anakuja kwake.

Watu walimwita Daktari. Walisema mashine ikifika mezani pake haifi, naye sifa hiyo aliipenda kuliko chakula. Kila msumeno aliouponya aliuchora kwa ncha ya msumari, ndani ya kifuniko cha pembeni: mistari miwili na nukta. Majivuno, ndiyo. Fundi gani hana?

Mgeni alisimama mlangoni, mwanga ukiwa nyuma yake, uso hauonekani. Jioni ilikuwa ya joto, lakini yeye alikuwa amejizungushia kitambaa kizito shingoni. Aliuweka msumeno mezani, ungali unanguruma.

"Haisimami," alinong'ona. Sauti ilitoka na upepo mwingi, kama pampu ya baiskeli inayovuja.

Fundi alizima swichi. Injini ikanyamaza.

Mnyororo ukaendelea kuzunguka.

Mzunguko mmoja... wa pili... wa tatu... kisha ukatulia. Fundi alijiambia ni nguvu iliyobaki tu, akaushika msumeno aanze kazi. Akautoa mkono haraka. Mashine iliyokuja ikinguruma njia nzima ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

Lakini mikono yake ilikuwa ya fundi, ikafuata mazoea. Alifungua plagi: kavu, safi, haina hata harufu ya petroli. Akafungua tangi. Ndani hamkuwa na tone. Mlikuwa na utando wa buibui.

"Umeitoa wapi hii?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Kwangu."

Sasa karakana ilinuka mbao mbichi, harufu ya mti ulioangushwa dakika ile ile, na hapo ndani hapakuwa na mti. Fundi alilegeza nati mbili akakitoa kifuniko cha pembeni. Mistari miwili na nukta. Na pale ulipopaswa kuwa mkanda wa breki, ule utepe wa chuma unaoukaba mnyororo usije ukamla mtu, palikuwa patupu.

Aliijua mashine ile. Ilikuwa ya shemeji yake, mume wa mdogo wake wa kike, mkata magogo aliyezikwa mwaka jana.

Siku ile ya mwaka jana shemeji alikuja asubuhi, ana haraka, breki imekwama na mnyororo haugeuki. Mkanda ulikuwa umepinda na fundi hakuwa na mwingine. Angesema tu, "Shemeji, hii leo siiwezi." Maneno machache. Lakini wateja wawili walikuwa wamekaa pale wanatazama, na Daktari hashindwi. Basi aliuchomoa mkanda, akafunga kifuniko, akasema, "Imepona." Mnyororo uligeuka vizuri sana. Shemeji alimshukuru mpaka fundi akaona haya.

Kabla ya jua kufika utosini msumeno uligonga tawi, ukaruka nyuma, ukamkuta shingoni.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo, na fundi alilijua kila alipolala na kila alipoamka. Msibani watu walipouliza imekuwaje, alijibu yeye kwanza. Alisema marehemu alikuwa amekunywa. Maiti haulizwi sanda, wala hajitetei. Maneno yakaenea, na mdogo wake akabaki mjane wa mlevi, akiinamisha kichwa kila apitapo.

Mkanda wenyewe hakuwahi kuutupa. Alijaribu mara nyingi, mkono ukagoma. Ulikuwa chini ya kopo la misumari, na siku moja, kwa aibu iliyokosa pa kwenda, alikuwa ameunyoosha.

Sasa aliutoa. Akaupachika mahali pake, akafunga nati, akasukuma mpini wa breki.

Kach!

Ukashika. Fundi aliinua kichwa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akatazama meza. Mezani hapakuwa na msumeno. Chini ya kopo la misumari palikuwa patupu.

Ila mngurumo ulikuwepo. Chini chini, nyuma ya sikio lake... rrrrr... Alitoka bila kufunga mlango, nao ukamfuata hatua kwa hatua hadi nyumbani kwa mdogo wake.

Alimkuta anawasha taa. Akamwomba amwonyeshe ule msumeno. Mwanamke hakushangaa. Aliuvuta kutoka uvunguni, umefungwa shuka lenye vumbi la mwaka mzima, fundo halijaguswa. Kaka akainama palepale mlangoni, akafungua kifuniko.

Mkanda ulikuwemo, umenyooka, unang'aa kama uliopachikwa sasa hivi.

"Hii ndiyo breki?" mdogo wake aliuliza taratibu. "Kumbe ipo. Mimi nilidhani breki ndiyo iliyomponza. Basi alikuwa amelewa kweli, kaka?"

Ushahidi wote ulikuwa umefutika. Angetikisa kichwa tu, aage, arudi kuwa Daktari. Kwa muda mfupi alitaka hivyo, na kule kutaka kulimtia aibu kuliko yote aliyokwisha kufanya. Rrrrr... ukapanda.

"Hakulewa," alisema, macho chini. "Breki niliitoa mimi. Niliona haya kusema nimeshindwa. Nikamwacha aende nayo hivyo, kisha nikamsingizia kaburini."

Mngurumo ukazimika.

Akasikia utambi wa taa ukiungua. Alingoja kilio, kofi, lolote. Mdogo wake alikaa kitandani, mikono mapajani.

"Kila jioni anakuja," alisema. "Anasimama hapo mlangoni, haingii. Ananiuliza neno moja tu: kaka yako ameshasema? Nikadhani nimerukwa na akili."

Harufu ya mbao mbichi ilijaa chumbani. Mwanamke hakuwa anamtazama kaka yake tena. Alikuwa anatazama nyuma ya bega lake.

"Umesimama mlangoni, kaka," alinong'ona. "Mpishe aingie."