Mabeseni ya Jongim na Shamba la Mtoni

Kila asubuhi Jongim alianza na mabeseni yake. Yalikuwa mabeseni makubwa mekundu ya mpira, yale ya kuchachulia kabichi. Yakipasuka, aliyatoboa chini, akayajaza udongo, akapanda pilipili. Uani kwake hapakuwa na pa kukanyaga. Kijiji kizima kilizisifu pilipili zake, na yeye mwenyewe hakuchoka kuzisifu.

"Mama Dohun, ukiendelea kuzibembeleza hivyo zitaomba chakula cha jioni," mumewe Insu alimtania.

"Zikiomba nitazipa chako."

Mama yake Insu, Bibi Malsun, alicheka barazani. Bibi huyu alikuwa mfumaji. Tangu aolewe alifuma kitambaa cha bangi. Usishtuke, msomaji. Huku kwetu, katika vilima vya Andong, tuna bangi ya nguo. Hailimwi bila kibali cha wilaya. Majani yake huchomwa mbele ya afisa. Tunachotaka sisi ni ganda la shina tu. Ganda hutoa nyuzi, na nyuzi hizo ndizo hufumwa nguo za kuzikia wazee wetu.

Bibi Malsun alikuwa amewafumia wazee wengi. Nguo zake mwenyewe hakuwa nazo. Nazo hazishonwi siku yoyote tu. Hushonwa katika mwezi wa nyongeza, ule unaozidi katika kalenda yetu mara moja kila baada ya miaka michache. Mzee akishonewa mwezi huo, watu husema ataishi sana. Mwezi huo ungefika baada ya miaka miwili.

"Vidole vyangu vimeanza kukataa kazi," Bibi alisema. "Mwezi huo ukinipita, mwingine sitauwahi nikiwa nafuma. Na mimi kitambaa cha dukani sitaki."

"Cha dukani hutavaa, Mama," Jongim alisema. "Nitakulimia mimi."

Basi akaomba kibali, akapewa. Lakini alipofika kwenye kupanda, akarudi kwenye mazoea yake. Alipanda mche mmoja katika kila beseni, mbali na mwenzake. Akautilia mbolea. Akaukata kilele utoe matawi, maana pilipili huzaa zaidi ukizifanyia hivyo. Bibi Malsun hakujua kasoro iko wapi. Kulima ilikuwa kazi ya marehemu mumewe. Yeye alipokea ganda tu.

Miche ikanawiri, ikatanuka. Jongim akawaita majirani waje waone.

Wakati wa kuvuna ulipofika, akakata mmea mmoja, akauchemsha kwa mvuke, akaanza kuchuna ganda. Likakatika. Akavuta tena. Likakatika tena, kila mahali palipoota tawi. Mwisho alibaki na vipande vifupi mkononi.

Bibi Malsun aliokota kipande kimoja, akakipima kwa kidole, akakirudisha chini taratibu. Jongim angependa agombezwe kuliko kunyamaziwa hivyo. Alijiona hafai kitu.

Kesho yake akaja jirani yao, mkulima wa bangi ya nguo. Watu walimwita Bibi Punggi kwa sababu aliolewa kutoka Punggi. Alikuwa na maneno mengi, lakini kazi aliijua. Akaingia uani, akashika kiuno.

"Haya! Mama Dohun, umefuga vichaka?"

"Usinicheke, Bibi. Mimi nimeshaharibu."

"Nitakucheka kwanza, halafu nitakufundisha. Kwenye pilipili unataka nini?"

"Matunda."

"Na kwenye bangi ya nguo?"

Jongim akafikiri. "Shina."

"Shina refu, jembamba, lisilo na tawi. Sasa wewe umeupa mmea nafasi na ukaukata kichwa. Nao utafanya nini ila kutanuka?"

Bibi Punggi akalaza beseni moja na kuling'oa bonge la udongo. Mizizi ilikuwa imezunguka na kuzunguka, imejisokota chini.

"Tazama. Mzizi wa mmea huu hupenda kwenda chini moja kwa moja. Hapa umegonga mpira. Jua likiwaka beseni linapata moto, na maji yanakauka. Ardhini mzizi unajitafutia maji wenyewe."

"Kwa hiyo niing'oe yote?"

"Ung'oe ya nini? Matawi mengi ni mbegu nyingi. Waambie wa wilaya unaiacha kwa ajili ya mbegu. Ikikomaa, uvune. Mwakani utapanda shamba la mtoni kwa mbegu zako mwenyewe."

Jongim alifanya hivyo. Majira ya kuchipua yaliporudi, walitifua shamba la kando ya mto, penye udongo wa mchanga usiotuamisha maji. Bibi Punggi akamwaga mbegu, zikabanana. Jongim akashika kichwa.

"Bibi, zitanyongana!"

"Acha zisukumane. Kila moja italikimbilia jua. Ndivyo zinavyorefuka. Na upepo ukija, zinashikana."

Wakafukia, wakakanyaga udongo kwa miguu. Mimea ilipofika magotini, Jongim alikwenda shambani peke yake. Ilikuwa imesongamana kabisa. Mikono ikamwasha kutaka kuipunguza. Akainama, akashika mmoja aung'oe ili mingine ipumue. Akakumbuka vile vipande vifupi mkononi na kimya cha mkwewe. Akauachia, akarudi nyumbani akijisonya mwenyewe.

Mvua ilichelewa mwaka ule. Pilipili za uani zilinyweshwa asubuhi na jioni. Shamba la mtoni halikuomba hata kopo. Wakati wa kuvuna, Insu aliinua mkono na bado hakufikia vilele.

"Mke wangu," alisema, "safari hii sikutanii. Hii ni kazi."

Wakavuna. Majani yakachomwa mbele ya afisa. Mashina yakapikwa kwa mvuke. Jongim akashika ncha ya ganda moja, akavuta. Likaja lote, kutoka chini hadi juu, refu na safi. Akamkabidhi Bibi Malsun. Bibi akalinyoosha, akalipitisha shavuni.

"Hili ndilo ganda," alisema.

Majira ya baridi yote wawili hao walichana ganda kwa kucha na kuunga nyuzi juu ya goti. Bibi akafuma. Vidole vilipogoma, Jongim alikaa kwenye kitanda cha kufumia, na Bibi akamwelekeza. Mwezi wa nyongeza ulipofika, kitambaa kilikuwa tayari. Wanawake wa jirani wakaja kushona, kwa uzi usiotiwa fundo, kama inavyotakiwa kwa nguo za maziko.

Kanzu ya juu ilipokwisha, Bibi Malsun aliivaa juu ya nguo zake, akafunga mkanda, akaelekea getini.

"Mama! Hiyo ni ya siku ile!" Jongim akapiga kelele.

"Siku ile nitakuwa nimelala, nitamwonaje anayenitazama? Acha niringe leo."

Akatoka. Jongim akamfuata. Watu wakasimama milangoni. Mzee mmoja akashika upindo, akauliza bangi nzuri hivyo imelimwa na nani.

Bibi Malsun alijibu kwa sauti ya kusikika hadi mtoni.

"Na huyu hapa nyuma yangu. Mtazameni vizuri."