Niliwaambia Soko Litawatibu

Nina miaka hamsini na sita, mwalimu mstaafu wa somo la biashara, na sasa ninalima chai Othaya. Msinihurumie... nimekwisha kujidharau vya kutosha!

Wanawake wa kituo chetu cha kuuzia majani chai tulikuwa na kikundi. Kila mmoja alitoa kidogo, na mmoja wetu au mumewe akilazwa hospitalini, sote tulimgharimia. Hakuna aliyeulizwa alianza kuugua lini.

Mimi, msomi, nilikiona cha kishamba. Nilikuwa nimelewa maneno ya mabingwa wa redioni, wale wanaobishana juu ya bima ya serikali na soko huria, midomo mipana, miili mizima! Tukisubiri lori lije kupima majani, niliwaeleza wenzangu polepole, kama darasani: kila mtu ajinunulie kadi ya bima ya kampuni aipendayo. Kampuni zikishindana, matibabu yatakuwa bora. Mzima amlipie mgonjwa kwa nini?

Wairimu, jirani yangu mwenye pumu, akauliza, "Na sisi wagonjwa, Mwalimu, nani atatutaka?"

Wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote.

Kikundi kikavunjika... kwa mdomo wangu!

Halafu mume wangu, Gakuru, mwenye kisukari cha miaka mingi, akapata kidonda mguuni. Nikampeleka hospitali ya kibinafsi mjini Nyeri, nikatoa kadi yangu kwa maringo. Karani akasema kisukari alikuwa nacho kabla ya kadi, basi kadi haimhusu. Sikuwa nimesoma masharti. Mimi, mwalimu!

Siku tatu nilizunguka nikilinganisha kampuni, jinsi nilivyofundisha. Nani hukatia bima nyumba inayowaka? Hospitali ya serikali niliionea aibu... na mguu ukizidi kuoza. Nilipomfikisha huko hatimaye, walimkata chini ya goti.

Wairimu alikuja na chupa ya uji. "Mwalimu," akanong'ona, "soko limesemaje?"

Akammiminia Gakuru uji.

Sasa wamefufua kikundi, na Wairimu ndiye mwenyekiti. Nilikwenda kuomba nafasi. Akasema, "Gakuru aingie hata leo. Na wewe pia, kwa sababu uko mzima. Nani mwingine atamlipia?"

Wapendwa, mgonjwa hana nguvu ya kuzunguka sokoni. Mtu akiwashawishi mvunje kilichowabeba, hata akieleza vizuri kama mimi, msikimbilie kumpigia makofi. Mwulizeni kwanza: nyumbani kwake nani anaumwa?

Mimi hakuna aliyeniuliza. Na mgonjwa alikuwa kando yangu, kitanda kimoja.