Uchafu wa Kuazima

Katika kichochoro chao kufagia kulikuwa kwa zamu, na ole wake aliyeruka zamu yake. Chiriku alifagia na mama yake kabla ya kwenda shule, huku akiongea bila kupumua, maana jina hilo hakupewa bure. Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na mdogo wake Chiriku, mtoto mnene waliyemwita Bonge, alitambaa chini ya mashine akiokota vipande vya vitambaa na kuvitia mdomoni. Hakuna aliyemkataza, kwa kuwa chini palikuwa pasafi.

Jumamosi moja mama alikwenda kupeleka nguo za wateja, Bonge mgongoni. Nyuma yake wakaingia watu wa sinema na kamera zao. Mkubwa wao, bwana mmoja mwenye kofia, alitazama huku na huku akatikisa kichwa.

"Ah! Hapa pasafi mno," alisema. "Nani ataamini kwamba majambazi wanajificha mahali kama hapa?"

Jamani! Watu wa sinema wanaujua mji kwa sura mbili tu: maghorofa ya vioo anakokaa tajiri, na jalala anakokaa mwizi. Watu wanaofagia kwa zamu hawamo kabisa.

"Watoto, nileteeni takataka kutoka jalalani mzimwage hapa," alisema bwana wa kofia. "Watakaobeba ndio watakaopita mbele ya kamera."

Chiriku alitangulia. Hamu ya kuonekana kwenye sinema ilimfanya asisikie hata harufu. Walibeba mifuko na magunia, wakamwaga mpaka mlangoni kwake mwenyewe. Picha ikapigwa, jambazi akakimbia, watoto wakapita, kazi ikaisha.

"Haya, zirudisheni mlikozitoa," bwana wa kofia alisema akipanda gari, akaenda zake.

Wenzake Chiriku wakatawanyika. Jalala lilikuwa mbali, miguu ilimuuma, na mama angeweza kutokea wakati wowote. Basi akainua mfuniko wa mtaro unaopita chini ya kichochoro, akazisukumia humo takataka zote, mfuko kwa gunia, akafunika na kufagia juu yake.

"Nasikia watu wa sinema walimwaga uchafu hapa," mama alisema aliporudi. "Uko wapi?"

"Tumeurudisha jalalani, mama."

"Ahsante, mwanangu. Umenipunguzia kazi."

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha. Mtaro ulifurika, ukatapika maji meusi yanayonuka, yakaingia vyumbani. Majirani wakachimba kule chini mtaro unakotokea barabarani, kwa sababu huko ndiko ulikokuwa ukiziba siku zote. Walichimba mpaka viganja vikachubuka, na maji hayakushuka. Chiriku aliwatazama tu. Kila alipotaka kusema aliogopa, akajidanganya kwamba labda mvua yenyewe itazisukuma takataka zile.

Bonge akaanza kutapika na kuharisha. Macho yalimwingia ndani, midomo ikamkauka, na kufikia mchana hata kulia aliacha. Mama alimbeba mbio hadi zahanati, Chiriku akimfuata nyuma.

Muuguzi alimtundikia dripu. "Maji yamemwisha mwilini, lakini tutahangaika naye," alisema. "Ila akipona mkamrudisha kwenye maji yale, mtamleta tena. Na mara hiyo sijui kama mtawahi."

Mama aliketi sakafuni. "Tumechimba, dada yangu. Sijui tena pa kuchimba," alisema, akaanza kulia. Chiriku hakuwahi kumwona mama yake akilia. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Si kule. Ni mbele ya mlango wetu. Takataka za sinema niliziingiza mimi mtaroni."

Mama alifuta machozi. Hakumpiga wala hakumtukana, afadhali angempiga.

"Kimbia ukawaambie," alisema. "Kwa mdomo wako mwenyewe."

Chiriku aliwakuta wamesimama na majembe, tope magotini, akawaambia yote. Jirani mmoja, ambaye mtoto wake naye alikuwa akiharisha, alitupa jembe chini akaondoka. Waliobaki waliinua mfuniko, wakatoa magunia kwa mikono. Kabla ya jioni maji yalishuka. Siku chache baadaye Bonge aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Wiki chache baadaye sinema nayo ikatoka. Chiriku aliitazama kwenye televisheni ya jirani, akauona mgongo wake tu, umeinama chini ya gunia la uchafu, na mwizi akipita. Shuleni wakamwuliza kama kwao wanalala na panya. Mteja wa siku nyingi wa mama akaja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa. "Usikasirike, fundi," alisema, akikishika kwa ncha za vidole.

Mteja alipoondoka, Chiriku alimsogelea mama yake.

"Mama, tukiwaambia wale watu kwamba uchafu haukuwa wetu, watabadilisha?"

"Wapi! Ile itaonyeshwa hata siku utakapokuwa na watoto wako," mama alijibu. "Walikuja wanaujua mji wanaoutaka, na sisi tukawabebea uchafu wao hadi mlangoni. Anayetaka kukuona mchafu, usimsaidie. Hilo nimekusamehe, kwa sababu wao ni watu wazima na wewe ni mtoto. Lisilonitoka moyoni ni lile la pili. Ulinidanganya, nikakushukuru. Nikachimba mahali pasipo penyewe, huku unaniona, na mdogo wako anakwisha. Ukikosea, sema siku ileile, mwanangu, kosa likiwa bado dogo. Siku ile lilikuwa safari ya jalalani tu."

"Nilisema, mama."

"Ulisema, na ukamwokoa. Lakini ulichelewa."

"Najua," Chiriku alisema. Aliinama akamnyanyua mdogo wake kutoka mkekani, akashtuka tena jinsi alivyokuwa mwepesi.